Sahani Saba za Neno Moja

Neno lilipofika mjini lilifika kama afikavyo mgeni yeyote: limechoka, lina mizigo, na halijui libishe hodi mlango upi. Lilikuwa neno la Kiingereza, fupi, la herufi nne, bear. Watu wa mji ule hawapendi neno lifunge mdomo kabla halijamaliza kusema, wakaliita bea, nalo likaitika. Walipolifungulia mizigo yake wakakuta kubeba, na chini yake kuzaa, na kuvumilia kumekunjwa vizuri sana, na kushuhudia, na kuweka kinyongo, na kuelekea upande fulani wa njia. Mwisho kabisa, chini ya furushi, wakamkuta dubu, mnyama ambaye hakuna mtu wa mji ule aliyewahi kumwona hata kwa kuota.

Wenye lugha yao, tunavyosikia, huliweka neno hilo mdomoni zima zima kama mtu alavyo tende, ulimi ukajua wenyewe kokwa iko wapi. Watu wa mji hawakulijua hilo, na wangeambiwa wasingeamini. Walifanya walichozoea kumfanyia mgeni mwenye mizigo mingi: waligawana kumpokea. Huyu akachukua furushi hili, yule lile, nyumba saba, kila moja na mzigo wake. Kila maana ikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, sahani ikaoshwa kwa maji ya mawaridi, na maji yale ya njano akanyweshwa mtoto wa miaka saba, kama mgonjwa anyweshwavyo kombe. Mtoto huyo ndiye akawa mlezi wa maana ile mpaka kufa kwake, na sahani ikaandikwa upya ikatunzwa kabatini. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu neno likapewa jembe lake, likaanza kufanya kazi katika Nyumba ya Maneno, mahali ambapo vyeti huandikwa na mashauri huamuliwa. Mdomo mmoja, maana moja: ndiyo ilikuwa sheria, na watu waliiona ya haki, kwa kuwa hakuna aliyeelemewa. Kosa lake halikuonekana kwa miaka mingi. Makosa ya watu wakarimu ndivyo yalivyo.

Siwatu alikunywa kuvumilia. Alikuwa na miaka saba, akapewa sahani, akaifyonza mpaka tone la mwisho, na tangu siku hiyo hakulia tena. Aliungua mguu kwa uji, hakulia. Mume akamwacha kwa barua ya mistari miwili, akaisoma, akaikunja, akaenda kuanua nguo. Nyumba ya Maneno ilimpenda sana. Maji yakikatwa mwezi mzima, au daraja lililoahidiwa likiahirishwa kwa mara ya tano, wakubwa walimwita Siwatu asimame kwenye ngazi za mbele. Alisema neno lake mara moja tu, bila kupaza sauti, na watu waliokuja na mawe mikononi waliyaweka chini taratibu wakarudi makwao. Kiti chake kilikuwa na mto. Hakuna mlezi mwingine aliyekuwa na kiti chenye mto.

Mama yake, Bi Mashavu, alikunywa kuzaa. Alikuwa mkunga wa mji mzima, mwanamke mnene wa vidole vifupi, na alikufa Jumanne alfajiri akiwa amekaa, kofia ya mtoto ambayo hakumaliza kuifuma ikiwa mapajani. Saa nne asubuhi Machano, mlezi wa kubeba, alitangulia mbele ya jeneza, na Bi Mashavu akazikwa kama wanavyozikwa watu. Maana yake ilikuwa bado. Maana huzikwa alasiri, kwenye ua wa Nyumba, katika kishimo kisichozidi ndoo.

Haikuwa hivyo zamani. Zamani mlezi akifa, mtoto mwingine alikunywa. Lakini miaka mitatu iliyopita Nyumba ilitoa waraka uliosema kwamba neno limekuwa zito na linachelewesha kazi, kwa hiyo mlezi akifa asirithiwe, na maana isiyo na mlezi isilale juu ya ardhi hata usiku mmoja. Waraka ulibandikwa, watu wakausoma, Siwatu akasimama kwenye ngazi, watu wakaenda zao.

Kwanza ilizikwa kushuhudia. Jambo linapokosa neno ndani ya Nyumba, huondoka kwenye karatasi, halafu kwenye ndimi, mwisho kwenye macho. Watu wakawa wanatazama mwenzao akipigwa sokoni mchana kweupe, na ukiwauliza baada ya dakika kumi wanakuambia kwa moyo safi kwamba hawakuwepo. Kisha kikazikwa kinyongo, tena kwa ngoma, kila mtu akidhani sasa watapendana. Ulipita mwezi mmoja kabla mtu hajashangaa kwamba yule aliyewabomolea nyumba ndiye wanayemsalimia kwa bashasha kuliko wote, na hata mshangao wenyewe ulikuwa mdogo. Ilipozikwa kuelekea, njia za mji zilianza kujikunja. Mtu alitoka kwenda mtoni akajikuta mbele ya mlango wake mwenyewe, ndoo tupu, akamwamkia mkewe kana kwamba alikuwa safarini.

Sasa ilikuwa zamu ya kuzaa. Siwatu alijua hesabu yake bila kufundishwa. Ikishamwagwa, hakuna mtu mjini atakayekuwa amezaliwa na mtu. Watoto watakuwepo, na wanawake watakuwepo, watakaa nyumba moja wakipeana chumvi. Na yeye atakuwa amemzika asubuhi jirani mmoja aliyeitwa Mashavu.

Ndiyo maana alikwenda kwa Karani.

Karani Mbaruku hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kofia safi na kikohozi, aliyekaa chini ya saa ya ukutani iliyoonyesha saa nne tangu juzi. Alipomwona Siwatu aliinuka nusu.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba, Bi Siwatu. Poleni na msiba."

"Tushapoa. Nimekuja kuomba. Sahani ya mama isimwagwe."

Mbaruku akakaa. "Waraka umeshapigwa muhuri. Mimi ni mkono tu, bibi. Mkono hauulizi kichwa."

"Ikimwagwa, atakuwa nani kwangu?"

Karani alikuwa mtu wa kazi, akiulizwa swali hutafuta jibu. Alifungua daftari kubwa, akapitisha kidole. "Atakuwa Bi Mashavu. Mkazi wa mtaa. Marehemu."

"Na mimi?"

"Wewe ni Siwatu, mlezi wa kuvumilia. Hilo haliguswi." Akapunguza sauti kama mtu anayempa mwenzake habari njema kabla ya wakati. "Nikwambie tu, maana wewe si mtu wa maneno. Machano mgonjwa. Mzee Ngwali na dubu wake siku zake zinahesabika. Mwisho wa yote, neno litabaki na maana moja, na hiyo ni yako. Utakuwa neno zima peke yako, Bi Siwatu. Nani amewahi kupata heshima hiyo?"

Siwatu alitafakari heshima hiyo. Aliona mji mzima ukisema bea, asubuhi na jioni, na kila anayesema anamaanisha jambo moja tu, na jambo lenyewe ni kunyamaza. Akajiona yeye juu ya mto wake, mto umeongezwa unene. Na ndani ya kifua, mahali pale ambapo watu wengine huwa na machozi, palikuwa pakavu na pameshindiliwa kama sakafu ya udongo.

"Na wewe, Bwana Karani," alisema, "mama yako nani?"

Mbaruku akacheka, akakohoa, akafunga daftari. "Usiniulize mambo hayo saa za kazi. Njoo alasiri, uje na sahani yako, ndiyo ada. Tukishamwaga utasema neno lako, watu watawanyike."

Alipotoka nje, ngazi zilikuwa nyingi kuliko alizopanda. Kwenye ngazi ya chini aliketi mtoto wa kike wa miaka saba, midomo ya njano, akijilamba. Siwatu alimtambua kwa kovu la gotini. Yeye mwenyewe alikuwa nalo bado. Katika mji ule mtu hukutana na umri wake uliopita mara moja moja, hasa siku za misiba, na si adabu kumpita bila kumsalimu.

"Umekunywa?" Siwatu akamuuliza.

"Nimekunywa. Chungu." Mtoto akatazama huku na huku. "Yuko wapi mama?"

Siwatu akafungua mdomo amjibu. Ulimi ukaenda kuchukua jina pale linapokaa siku zote, ukarudi na jingine.

"Bi Mashavu?" alisema. "Amezikwa asubuhi."

Mtoto alimtazama, halafu akainuka akaenda zake. Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Siwatu kuliko yote.

Mama. Jaribu tena. Ma. Bi Ma. Bi Mashavu, mkazi wa mtaa. Hapana. Alinipuliza jicho vumbi liliponiingia. Nani? Bi Mashavu. Na kwa nini Bi Mashavu anipulize jicho mimi, ana wajibu gani na jicho langu? Alilala upande wa ukutani ili mimi nilale upande wenye hewa. Nani? Mwanamke mmoja. Alinukia karafuu na sabuni ya mche. Nani huyo? Mkazi. Marehemu. Muhuri ukishapigwa sahani huanza kuvuja, hata kabla ya maji.

Miguu ilikataa kwenda nyumbani, au njia ndiyo iliyokataa, kwa sababu tangu kuzikwa kwa kuelekea mtu hakuweza kujua kosa ni la nani. Alijikuta kwa Mzee Ngwali.

Ngwali alikuwa akipaka chokaa ukuta. Kila mwaka alichora dubu kwenye ukuta wa mbele, na kila mwaka alimfuta akachora mwingine, kwani hakujua amchore vipi. Mwaka mmoja alikuwa mbwa mnene, mwaka mwingine ng'ombe mwenye manyoya, mwaka juzi alikuwa amekaa kitini. Watoto walimcheka, naye alicheka nao. Nyumba haikumsumbua kamwe. Hakuna serikali iliyowahi kuangushwa na dubu.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Mwaka huu nampa mkia. Nimeota kwamba ana mkia."

"Mzee Ngwali, wanamwaga kuzaa leo."

"Najua." Akaweka brashi chini. "Kaa hapo kwenye kigoda, usiegemee ukuta, utatoka na dubu mgongoni."

Siwatu akakaa. Alitaka kumwomba ushauri, lakini swali lililomtoka lilikuwa jingine. "Alikuwa mtu wa namna gani, huyo Bi... huyo aliyekufa?"

Ngwali alimwangalia, akaelewa mara moja jambo lilikofika, na uso wake ukaingia huzuni. Hakuificha.

"Alikuwa mvunja sheria," alisema. "Hukuambiwa? Wewe ulikaa na wakubwa, nani angekuambia. Uzazi ukiwa mgumu, alikuwa akitutumia watu kimyakimya tuje, walezi wote saba, kila mtu na sahani yake chini ya nguo. Anatukalisha ukumbini, yule mwanamke yuko ndani anahangaika. Mdomo mmoja maana moja, sawa, lakini alisema mtoto hatoki kwa maana moja. Anamwita Machano, kaa hapa, huyu kabeba miezi tisa. Anamwita wa kushuhudia, wewe fungua macho. Wa kuelekea anamweka karibu kabisa, maana mtoto akikosea upande mambo yameharibika. Hata wa kinyongo alimpa kazi: mkumbushe mzazi mumewe aliko, ili apate hasira ya kusukuma."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuna nazi."

"Dubu wako, namaanisha."

"Ah, dubu. Alisema, waambieni ndugu wa mume kuna mnyama humu ndani, wasikaribie." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Nami nikasimama mlangoni na sahani yangu, nikiwa kijana mwembamba kama ufagio, nikanguruma. Sikujua dubu anangurumaje. Nilinguruma nilivyoweza."

Siwatu naye alitaka kucheka, akakuta njia imeziba. "Na kuvumilia? Aliyeilea kabla yangu?"

Mzee Ngwali alichukua brashi. Akaisafisha unywele mmoja mmoja kwa kidole kabla hajajibu.

"Siku ulipozaliwa wewe, uchungu ulikaa siku mbili. Tulikuwepo sote. Yule bibi wa kuvumilia alikuwa mtu mwema, akaingia ndani na sahani yake, akaanza kusema neno lake taratibu, kama unavyolisema wewe. Mama yako akamwambia, dada yangu, toka nje. Wewe leo sikuhitaji. Nikikusikiliza wewe nitanyamaza, na nikinyamaza mtoto huyu atafia humu. Akamtoa. Kisha akapiga kelele moja, paka wote wa mtaa wakapanda mapaa. Ukatoka."

Jua lilikuwa limesogea, au Nyumba ilikuwa imelisogeza. Siwatu alitazama mikono yake. Ilikuwa na vidole vifupi, na hakukumbuka tena alivitoa wapi.

"Mzee Ngwali, nikuulize. Neno lenye maana saba ni neno moja au maneno saba?"

"Mimi nafuga mnyama nisiyemjua, mwanangu, usiniulize ya elimu. Ninachojua ni hiki: siku ile ukumbini hatukuwa watu saba. Nenda, alasiri inaingia. Beba sahani yako."

Ua wa Nyumba ulikuwa umejaa watu. Walisimama juani, kwa kuwa ndivyo watu wa mji ule walivyosimama katika kila shughuli ya Nyumba, saa mbili, saa tatu, mpaka mkubwa amalize hotuba. Upande wa pili wa ua kulikuwa na mti mkubwa wa mkungu wenye kivuli cha kutosha wote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukitumia. Wanawake walikuja na watoto wao, na baadhi yao tayari walikuwa wamewaachia mikono. Machano alikuwa ameegemea fimbo. Ngwali alikuwa na chokaa kwenye nyusi. Kishimo kilikuwa kimechimbwa, hakizidi ndoo.

Karani Mbaruku alisoma waraka. Akaipokea sahani ya Bi Mashavu, akaifunua kitambaa, akamimina maji ya mawaridi. Maandishi ya zafarani yalitikisika, yakaanza kuachana na udongo wa sahani, yakaogelea kidogo kama yanatafuta pa kushika, yakayeyuka. Harufu ikapanda. Halafu Karani akafanya lile ambalo ada ilimtaka alifanye: akampa sahani mtu wa karibu wa marehemu, aimwage kwa mkono wake.

Hakufikiri. Angefikiri, asingempa. Alimkabidhi mtu aliyelelewa mji ule sahani nyeupe iliyojaa maji ya zafarani, kwa mikono miwili, kwa heshima, na mtu wa mji ule akipewa kitu cha namna hiyo anajua kimoja tu cha kukifanya. Siwatu akainua sahani, akanywa.

Alikunywa bila haraka. Mara hii haikuwa chungu. Alipomaliza akafuta midomo kwa upindo wa kanga.

"Bi Siwatu," Karani alisema. "Mdomo mmoja..."

"Maana moja. Najua." Akafungua kitambaa chake mwenyewe, akatoa sahani yake aliyoitunza miaka thelathini na tatu, haina hata ufa. "Basi hii hapa. Kuvumilia kumenishinda. Mpeni mwingine."

Mbaruku aliipokea, kwa kuwa mtu akipewa sahani huipokea. Kisha akasimama nayo. Alitazama watu. Akainyosha mbele kwa mwanamke wa kwanza, naye akarudisha mikono nyuma. Akainyosha kwa Machano.

"Mimi na mgongo huu?" Machano akasema. "Ninayo yangu."

Akainyosha kwa Mzee Ngwali, naye akasema dubu wake hapendi wageni. Akaizungusha ua mzima, mstari kwa mstari, na kila alipofika mikono ilikwenda nyuma ya migongo, wakubwa kwa wadogo. Hata wale wa Nyumba waliokaa viti vya mbele, waliolipenda neno lile kuliko maneno yote, hawakutaka kuliweka katika midomo yao wenyewe. Lilikuwa neno la kuambiwa wengine.

"Waraka unasemaje, Bwana Karani?" Siwatu aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli.

Karani alijua unasemaje. Aliuandika yeye kwa mwandiko wake mzuri. Maana isiyo na mlezi isilale juu ya ardhi hata usiku mmoja. Na kishimo kilikuwa wazi. Akamimina maji ya mawaridi, akasubiri zafarani iachie, akamwaga. Udongo ukanywa.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Mkubwa wa Nyumba akainuka, akafungua hotuba yake ya kurasa arobaini, akasoma ukurasa wa kwanza.

"Jua hili linaunguza," alisema mwanamke mmoja katikati ya watu. Alisema kwa kawaida, kama mtu anayesema chai imepoa. Akamshika mwanawe mkono, akavuka ua, akakaa chini ya mkungu. Mwingine akamfuata. Halafu wakaenda kumi, halafu wote, wakiitana majina, huyu wangu yuko wapi, wewe mtoto wa nani, njoo kwa mama yako. Machano akabwaga fimbo akajilaza. Mkubwa aliendelea kusoma mbele ya ua mtupu mpaka ukurasa wa tatu, akakunja karatasi.

Mbaruku alibaki na daftari. Alilifungua, akafuta mstari uliosema mlezi wa kuvumilia, kalamu ikasita. "Niandike nani?" aliuliza taratibu.

"Andika Siwatu binti Mashavu."

Akaandika. Alipofika kwenye binti alisimama kidogo, akasema bila kuinua kichwa, "Wangu mimi aliitwa Zuhura. Aliuza vitumbua." Kisha akavua kofia, akajipepea, naye akaenda kivulini.

Siwatu alibaki peke yake kando ya kishimo. Kitu kilipanda kutoka pale palipokuwa pakavu, kikafika kooni, na hapakuwa na kitu cha kukizuia. Akafungua mdomo, ulimi ukaenda mahali pake pa siku zote.

"Mama!" alilia. "Mama yangu!"

Paka wote wa mtaa wakapanda mapaa.